Spoku za 265 kwenye ringi mpya ya 26: kwa nini zinagoma kukaza

Swali: "Habari mtaalamu. Nipo Igoma, Mwanza, nabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwa baiskeli ya gia, tairi namba 26. Ringi ya nyuma ilipasuka, ile ya ukuta mmoja. Nimenunua mpya ya aluminiamu, ya kuta mbili, matundu 36, ina stika imeandikwa 559 x 19 na chini yake ERD 540. Habu ni ileile. Nilipima spoku ya zamani nikapata milimita 265, nikanunua 36 za urefu huohuo. Fundi kasuka vizuri, kapishanisha tatu kama mwanzo (kila spoku inakatiza nyingine tatu), lakini spana inagoma kabla spoku hazijakaza, na upande wa gia ndio zimelegea zaidi. Tyubu haitoboki. Fundi mmoja anasema niitembelee hivyohivyo, mzigo utazikaza. Mwingine anasema niweke washa chini ya nipo (ile nati ndogo ya kukazia spoku kwenye ringi). Wa tatu anasema tairi 26 ina spoku moja tu dunia nzima, kwa hiyo nimeuziwa feki. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Ndugu yangu, pole kwa hasara ya ringi. Kwa hili usimsikilize hata mmoja kati ya hao watatu. Aliyekusukia hana kosa la mkono, na muuzaji hajakuibia. Kosa liko kwenye namba 265. Kwa ringi hiyo spoku zako ni ndefu mno, kwa makadirio ya milimita 6 upande wa gia na 4.5 upande wa kushoto. Nitakuonyesha zinavyopatikana hizo namba ili uweze kuzipima mwenyewe. Kwanza nakuomba usipakie gunia lolote juu ya gurudumu hilo.

Hoja ya kwamba mzigo utazikaza ni ya hatari, kwa sababu mzigo hufanya kinyume. Gurudumu likizunguka, kila spoku ikifika chini, pale ringi inapokanyaga ardhi, hupungukiwa mkazo kwa muda mfupi, kisha huurudisha ikipanda. Iliyokazwa sawasawa hubaki na mkazo hata ikiwa chini. Iliyolegea huishiwa kabisa, nipo yake hupata nafasi ya kujifungua kidogokidogo, na waya hupinda na kunyooka pale kwenye kiwiko, yaani kona iliyo karibu na kichwa cha spoku, kila mzunguko. Chuma kinachopindwa hivyo mara elfu nyingi hukatika, na karibu kila mara hukatika hapohapo kwenye kiwiko. Ukiwa na gunia la dagaa kwenye keria na unateremka, spoku mbili tatu zikikatika upande mmoja, ringi inageuka nane.

Sasa tuingie ndani ya nipo, maana siri iko humo. Nyuzi za spoku ya kawaida, yaani ile mistari ya skrubu kwenye ncha, zina urefu wa kama milimita 10 tu, na mzunguko mmoja kamili wa nipo husogeza spoku kama milimita 0.45. Gurudumu likishakazwa, ncha ya spoku inatakiwa iwe imefika kwenye sakafu ya kijifereji cha bisibisi kilicho juu ya kichwa cha nipo, au ikizidi sana iwe sawa na uso wa kichwa. Hapo nyuzi zimeshika mpaka ndani ya kichwa, ambako nipo ni nene. Ikiendelea kupanda kama milimita 2 kupita sakafu ya kijifereji, nyuzi zinaisha na nipo inagota kwenye waya laini usio na nyuzi. Ndiyo maana spana yako inagoma: nipo imefika mwisho wa nyuzi ilhali ringi bado haijavutwa. Ukilazimisha, ama kona za nipo zitalika, ama waya utajisokota.

Hilo la kujisokota unaweza kuliona kwa macho. Bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye spoku, kikae kama kibendera, kisha zungusha spana. Kibendera kikizunguka pamoja na nipo, hukazi kitu, unasokota waya. Halafu toa tairi, tyubu na utepe, umulike kwa tochi kwenye matundu ya ringi. Utaona ncha za spoku zimesimama juu ya vichwa vya nipo kama miiba.

Hapo ndipo tyubu ilipokudanganya. Kwenye ringi ya ukuta mmoja miiba hiyo ingekutana na tyubu moja kwa moja, na ungepata pancha siku ya kwanza. Kwenye ringi ya kuta mbili kichwa cha nipo kinakaa kwenye ukuta wa ndani, tyubu inalala juu ya ukuta wa nje, na katikati kuna uwazi. Miiba inajificha kwenye uwazi huo. Kutotoboka kwa tyubu hakuthibitishi kwamba urefu ni sahihi.

Na feki je? Namba 26 ni jina la tairi, si kipimo cha spoku. Hiyo 559 ya kwenye stika ni kipenyo cha pale ukingo wa tairi unapokaa kwenye ringi, na 19 ni upana wa ndani wa ringi. Inakusaidia kununua tairi, lakini kwa spoku haikusaidii. Hata hiyo "26" yenyewe si moja: ya baiskeli za milimani kama yako ni 559, ila kuna 26 x 1 3/8 ambayo ni 590. Namba 28 ni hivyohivyo. Ile ya Phoenix na baiskeli nyingine za breki za fito, 28 x 1 1/2, ni 635, na ile ya baiskeli za mbio ni 622. Hizo Phoenix nyingi zina matundu 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo baiskeli moja yenye ringi mbili za 28 inaweza kutaka urefu wa spoku mbili tofauti. Hakuna "spoku ya 26" wala "spoku ya 28".

Namba inayotawala spoku ni hiyo ya pili kwenye stika yako, ERD. Ni kipenyo kutoka pale ncha ya spoku inapotakiwa kuishia upande mmoja wa ringi hadi pale inapotakiwa kuishia upande wa pili. Ringi ya kuta mbili ina kina, ukuta wake wa ndani umesogea kuelekea kwenye habu, hivyo vichwa vya nipo vinakaa karibu zaidi na habu kuliko kwenye ringi nyembamba ya ukuta mmoja, ingawa tairi ni lilelile. Spoku iliyoitosha ringi ya zamani lazima izidi kwenye mpya. Kupima spoku ya zamani kunafaa pale tu ringi ni ya aina ileile, habu ni ileile na upishanishaji ni uleule. Wewe ulibadili kimoja kati ya vitatu.

Ingawa stika imekupa 540, pima mwenyewe. Viwanda havipimi kwa mtindo mmoja: wengine huanzia kwenye kichwa cha nipo, wengine kwenye ukuta wa ringi, na tofauti huwa milimita kadhaa. Chukua spoku mbili za zamani na nipo mbili za aina utakayotumia. Funga nipo mpaka ncha ya spoku iwe sawa na sakafu ya kijifereji, kisha kata kila spoku ibaki milimita 200 kamili kutoka ncha yenye nyuzi, unyooshe mahali pa mkato kwa tupa. Kuanzia hapo nipo isizunguke tena. Ikicheza, igandishe kwa tone la gundi. Chomeka spoku ya kwanza kwenye tundu lolote kutokea upande wa tairi, nipo ikalie kiti chake. Hesabu matundu 18 mbele uchomeke ya pili, na uhakikishe ukihesabu upande mwingine nao unapata 18. Vuta zote mbili kuelekea katikati zinyooke, upime pengo kati ya ncha zilizokatwa. Pengo likiwa 140, basi 200 na 200 na 140 ni 540. Rudia sehemu nne za ringi uchukue wastani. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 2, ringi ina umbo la yai, na ni heri kuirudisha dukani kabla ya kununua spoku nyingine.

Upande wa habu unahitaji namba chache. Ya kwanza ni kipenyo cha duara la matundu kwenye shavu la habu, ile sahani inayoshika vichwa vya spoku. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalolikabili. Kama katikati hapaonekani vizuri, pima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, uongeze upana wa tundu moja. Nyingine ni umbali kutoka katikati ya habu hadi kila shavu. Pima upana wote kutoka nati ya nje hadi nati ya nje, pale fremu inapobana, ugawe kwa mbili. Kisha pima kutoka nati ya kila upande hadi katikati ya unene wa shavu la upande huo, utoe kwenye ile nusu.

Nachukua mfano wa habu ya nyuma ya friwili (lile fungu la meno ya gia) ya gia saba, upana 135. Nusu yake ni 67.5. Kutoka nati ya kulia hadi shavu ni 46.5, kwa hiyo shavu la upande wa gia liko 21 kutoka katikati. Kutoka nati ya kushoto hadi shavu ni 32.5, kwa hiyo la kushoto liko 35. Friwili inakula nafasi, ndiyo maana shavu la kulia linasukumwa ndani. Duara la matundu tuseme ni 45. Habu yako ikikupa namba nyingine, weka zako.

Imebaki pembe. Spoku haiendi moja kwa moja kutoka kwenye shavu hadi kwenye ringi, inalazwa. Matundu 36 ni 18 kila shavu, na duara lina digrii 360, hivyo kutoka tundu hadi tundu ni digrii 20. Ukipishanisha mara tatu, spoku inalala kwa 20 mara 3, yaani digrii 60. Una bahati hapa, kwa sababu kosini ya 60 ni 0.5 na hesabu inakuwa nyepesi. Kikokotoo cha simu chenye alama ya kipeuo cha pili kinatosha.

Nusu ya ERD ni 270. Nusu ya duara la habu ni 22.5. Basi:

270 x 270 = 72,900
22.5 x 22.5 = 506.25
2 x 270 x 22.5 x 0.5 = 6,075
72,900 + 506.25 - 6,075 = 67,331.25

Hiyo inatumika pande zote mbili. Sasa kila upande uongezewe umbali wa shavu lake ukizidishwa kwa wenyewe, halafu utafute kipeuo cha pili:

Kulia: 67,331.25 + 441 = 67,772.25, kipeuo chake 260.3
Kushoto: 67,331.25 + 1,225 = 68,556.25, kipeuo chake 261.8

Mwisho toa nusu ya upana wa tundu la habu, kwa sababu spoku hupimwa kuanzia ndani ya kiwiko, na kiwiko kinaegemea ukingo wa tundu. Tundu la 2.6 linakupa 1.3. Kwa hiyo kulia ni 259.0 na kushoto ni 260.5. Toa hizo kwenye 265 zako, unapata zile 6 na 4.5. Ndiyo maana upande wa gia umelegea zaidi: huko ndiko spoku zilikozidi zaidi.

Nguvu zako ziweke kwenye kupima ringi. Ukikosea ERD kwa milimita 2, spoku inakosea kwa 1 kamili. Ukikosea umbali wa shavu kwa milimita 1, urefu unabadilika kwa kama 0.1 tu, na ukikosea duara la matundu kwa 1, ni kama 0.2. Watu husumbuka nusu saa na venia (kifaa cha kupimia vipimo vidogo) kwenye habu, kisha wanakadiria ringi kwa futi ya fundi cherehani.

Dukani, spoku nyingi zinapatikana kwa hatua za milimita 2. Ungenunua 258 kumi na nane za kulia na 260 kumi na nane za kushoto. Ukikuta 260 peke yake, chukua zote 36 za 260. Kulia zitazidi milimita 1, ncha itakuwa sawa na uso wa kichwa cha nipo na nyuzi bado zitatosha, na kwa kuwa ringi yako ni ya kuta mbili tyubu haitaguswa. Kwenye ringi ya ukuta mmoja ningekuomba upitishe tupa kwenye ncha hizo. Usiende chini ya 258. Spoku fupi ina hatari isiyoonekana haraka: nyuzi hazifiki kwenye kichwa cha nipo, zinashika shingo tu, na siku moja kichwa kinang'oka na kubaki kikigonga ndani ya ringi. Dalili yake ni nyuzi zinazoonekana chini ya nipo gurudumu likiwa limeshakazwa.

Pima kabla ya kulipa. Ning'iniza kiwiko kwenye ukingo wa rula ya chuma usome hadi ncha ya nyuzi, kichwa kisihesabiwe, na pima tano sita kutoka sehemu mbalimbali za fungu, maana mafungu huchanganywa. Unene nao uangalie. Namba 14 ni milimita 2.0, namba 13 ni kama 2.3, na kila unene una nipo zake. Ukifunga spoku ya 14 kwenye nipo ya 13 itaingia kirahisi, na itachomoka kirahisi vilevile.

Sasa ile washa. Washa chini ya kichwa cha nipo inainua kichwa kwa unene wake, nusu milimita hadi moja. Wewe una ziada ya 4.5 hadi 6. Ungehitaji kupanga mnara wa washa, na nipo isingekaa tena kwenye kiti chake. Washa ina kazi nzuri pale matundu ya ringi yanapokuwa dhaifu. Kwa tatizo lako haitoshi.

Kuzikata 265 na kuchonga nyuzi upya ni jambo linalowezekana kwa mwenye mashine ya kubonyeza nyuzi. Nyuzi za kiwandani hazikatwi, hubonyezwa, ndiyo sababu ukiziangalia kwa karibu utaona ni nene kidogo kuliko waya wenyewe. Dai ya kukata, yaani kifaa cha kuchongea nyuzi, inapunguza waya badala ya kuunenepesha, nyuzi zinakaa kwa kulegea ndani ya nipo, na waya unabaki na mikwaruzo ambamo ufa huanzia. Kwa baiskeli ya kwenda sokoni peke yako labda. Kwa mzigo, hapana.

Kuna njia ya nne ambayo mtu anaweza kukupendekezea, ya kuzitumia hizo 265 kwa kupishanisha nne badala ya tatu. Nimeipigia hesabu pia. Pembe inakuwa digrii 80, na urefu unaotakiwa unakuwa 266.5 kulia na 268 kushoto. Hapo za kushoto zinapungua milimita 3, na tumeshaona ufupi unafanya nini. Tena kwenye shavu dogo la 45 lenye matundu 18, kupishanisha nne kunaifanya spoku ipite juu ya kichwa cha jirani yake na kukikandamiza. Mrudishie muuzaji hizo spoku mapema, kabla nyuzi hazijachubuka, umwombe mbadilishane. Zilizokwisha kulazimishwa na spana usizirudishe, tumia mbili kutengenezea kile kipimo cha ringi.

Ukishasuka upya, usishtuke kukuta kushoto ni laini kuliko kulia. Shavu la kulia liko 21 kutoka katikati na la kushoto 35, kwa hiyo spoku za kulia zimesimama wima zaidi na lazima zivute kwa nguvu zaidi ili ringi ikae katikati. Za kushoto zitakuwa na kama asilimia 60 ya mkazo wa kulia. Fundi akijaribu kuzifanya zilingane, ringi itavutwa kushoto na tairi itaanza kukwaruza fremu. Unacholinganisha ni spoku za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe: ziguse kwa kucha moja baada ya nyingine, ziwe na mlio unaokaribiana. Kisha zibinye mbilimbili kwa nguvu kuzunguka gurudumu lote ili viwiko vikae, uangalie tena mnyooko.

Kupima, kununua na hata kusuka unaweza kufanya mwenyewe. Mpelekee fundi mwenye stendi ya kunyooshea ukiona moja kati ya haya: ringi ikilazwa juu ya meza bapa inacheza hata kabla ya kusukwa, kuna ufa kutoka tundu hadi tundu kwenye shavu la habu, au spoku mpya zinaendelea kukatika kwenye kiwiko baada ya wiki chache. Hilo la mwisho mara nyingi humaanisha matundu ya habu yametanuka na kiwiko kinacheza ndani yake, na hapo habu ndiyo ya kubadilisha. Kufungua friwili nako kunataka kifungulio chenye meno yanayolingana na yake. Usiipige kwa patasi, kwa sababu shavu la kulia huwezi kulifikia vizuri bila kuitoa, na ukiiharibu utanunua na hiyo pia. Ukienda, beba ringi ikiwa tupu, habu, na karatasi yenye namba zako tano: ERD, duara la matundu, umbali wa kulia, umbali wa kushoto na upana wa tundu. Mwombe fundi azihakiki mbele yako kabla hujatoka kwenda dukani.